Uliza Mzee wa Meza: Kiraka naye aingie Jumba la Magwiji?

*Shikamoo Mzee wa Meza. Mimi na shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, hatusemezani vizuri tangu Jumapili, na chanzo ni Shawn Marion. Tulikuwa barazani kwa wakwe, kahawa imeshazunguka mara mbili, nikasema Marion anastahili kuingizwa Jumba la Magwiji wa mpira wa kikapu kule Marekani, na kwamba yeye ndiye Scottie Pippen, yule gwiji wa Chicago, wa timu ya Phoenix. Shemeji akacheka mpaka kashata ikampalia. Asema Marion alikuwa kiraka tu, kazi zote kazifanya lakini hakuna hata moja iliyo yake. Asema Steve Nash, mleta mpira wa Phoenix, ndiye aliyemtengeneza, Dirk Nowitzki wa Dallas ndiye aliyempa pete ya ubingwa, na mshika mawili moja humponyoka. Tumewekeana biriani ya kuku, sahani sita, na sote wawili tumekubali hukumu yako.*
*Baba Wawili, Tudor*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na biriani. Kuwekeana sahani juu ya neno la mtu wa tatu ni kamari, na mimi sitaki kuwa kadhi wa kamari. Atakayeshindwa na aite watu nyumbani kwake kama mwenye kukirimu, tuyamalize hivyo, nami nisisahauliwe.

Sasa Marion. Wasomaji wengine walikuwa wadogo enzi zake, basi niwarudishe kidogo. Alizaliwa 1978 Waukegan, Illinois, akacheza chuo kikuu cha Nevada kule Las Vegas, na mwaka 1999 Phoenix Suns wakamchukua, wa tisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka ule. Kimo chake ni kama mita mbili: mfupi wa kusukumana na majitu chini ya kikapu, mrefu wa kukimbizana na vijana wepesi wanaoleta mpira. Alifanya yote mawili. Suns wakicheza na San Antonio ungemwona anamkaba Tony Parker, halafu kufumba na kufumbua yuko chini anagombea mpira na Tim Duncan. Mtupo wake ulikuwa aibu ya macho. Mpira anautoa kifuani, viwiko vimefunguka, kama mtu anayesukuma mlango wa kabati uliovimba kwa mvua. Nisingemwonyesha mtoto anayejifunza. Lakini uliingia.

Hilo la Nash kumtengeneza, hapo shemeji yako amepotea njia. Nash alifika Phoenix kiangazi cha 2004. Msimu wa 2002–03, Nash bado yuko Dallas, Marion alikuwa anafunga wastani wa pointi 21.2 na kunasa ribaundi, yaani mipira inayorudi mtupo ukikosa, 9.5 kila mechi, na akaitwa kwenye mechi ya nyota ya 2003. Nani alimtengeneza huyo? Nash alimrahisishia maisha, sikatai. Pasi zake zilikuwa kama chai ya kuletewa kitandani. Ila zile mbio za Phoenix, za kumaliza shambulizi kabla sekunde saba hazijatimia, zilihitaji mtu atakayekubali kukaba watu wakubwa kuliko yeye huku nyuma, anase mpira, autoe, kisha akimbie na awe miongoni mwa wa kwanza kufika mbele. Msimu wa 2004–05 walishinda mechi 62 kwa mtindo huo. Msimu uliofuata Amar'e Stoudemire, jitu lao la ndani, akaumia goti, akacheza mechi tatu tu. Timu nyingi zingekunja jamvi. Marion akabebeshwa mzigo wa ndani, akamaliza na wastani wa pointi 21.8 na ribaundi 11.8, Suns wakashinda mechi 54 na kufika fainali ya kanda ya Magharibi. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi ikaenda kwa Nash, na simnyimi Nash haki yake. Nasema shati lilipochanika kuna aliyelishona, na si yule aliyepewa tuzo.

Neno lenyewe la kiraka lina ujanja wake. Mtangazaji wa kandanda akimwita mchezaji kiraka, anamsifu. Lakini nguo yenye kiraka huivai Idi. Na Jumba la Magwiji ndiyo Idi yenyewe. Hapo ndipo Marion anapokwama, na hapo ndipo mimi na shemeji yako tunapoachana.

Nikupe mfano ninaoujua kwa mikono yangu. Miaka thelathini nimekaa meza ya alama, mechi za mitaa na za ligi ndogo hapa Mombasa, na karatasi ya alama naijua kuliko hati ya nyumba yangu. Ina mahali pa pointi, ina mahali pa faulo, ina mahali pa taimauti. Basi. Ribaundi haina pa kuandikwa. Mpira ulioporwa haupo. Mtu aliyemkaba mfungaji hatari mpaka akarudi kwao na pointi nne, kwenye karatasi yangu anaonekana kwa faulo zake tu, kama mhalifu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini timu ya mtaa wetu ilikuwa na kijana mmoja, fundi kalafati wa Bandari ya Kale. Mchana kutwa alikuwa akishindilia pamba kwenye nyufa za mbao za mashua na kupaka sifa, yale mafuta ya papa, na jioni akija uwanjani unamnusa kabla hujamwona. Alicheza nafasi zote tano. Mleta mpira wetu akikwama feri, yeye analeta mpira. Jitu letu la katikati likipata homa, yeye anasimama chini, na alikuwa mfupi kuliko mimi. Mwaka tuliochukua kikombe, mchezaji bora alipatikana kwa kufungua karatasi zangu na kujumlisha pointi. Akapewa mfungaji wetu, kijana mzuri, sina neno naye. Kalafati alipiga makofi kuliko wote. Mimi niliyeziandika zile karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri wa klarani, nilijiona nimetoa ushahidi wa uongo. Wenzake walimtania kwamba sifa pekee aliyoipata maishani ni ile ya papa. Mwaka uliofuata alikwenda Lamu kwa kazi, na timu ikaanza kuvuja kila upande, na kila mtu akawa anamlaumu mfungaji.

Sasa rudi Marekani. Hata NBA wenyewe, ligi kuu ya kule, walianza kuhesabu mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973–74 tu. Kabla ya hapo kalafati wa kule naye alikuwa anakula hewa. Marion kazi yake imeandikwa. Mechi 1,163, pointi 17,700, ribaundi 10,101, mipira 1,759 aliyopora, mitupo 1,233 aliyozuia. Alipostaafu 2015, waliokuwa wamevuka pointi 17,000, ribaundi 10,000, mipira 1,500 ya kupora na mitupo 1,000 ya kuzuia katika NBA walikuwa wanne: Hakeem Olajuwon, Karl Malone, Kevin Garnett, na yeye. Baadaye LeBron James akaongezeka. Olajuwon, mtoto wa Lagos, aliingia Jumbani 2008, Malone 2010, Garnett 2020. LeBron atapelekwa kwa tarumbeta siku atakayotundika viatu. Anabaki mmoja mlangoni.

Lakini nikuonye, kwa sababu namba ndiyo kazi yangu. Mtu akitaka anaweza kupanga mipaka ya hesabu mpaka hata mimi nikaingia. Ongeza pasi za kuzaa kikapu kwenye ile orodha, Marion anatoka, maana alitoa 1.9 tu kwa mechi. Usiipeleke barazani kama hati ya kadhi. Mimi mwenyewe ushahidi wangu mkubwa si huo. Ni fainali za 2011.

Mwaka ule mechi zilikuwa zinaonyeshwa huku kwetu usiku wa manane kwenda alfajiri. Tulikuwa wanne, kwa jirani mwenye dishi, sauti imepunguzwa watoto wasiamke. Dallas na Miami, na Marion sasa yuko Dallas. Kila mtu duniani alisema Miami, ina LeBron, ina Dwyane Wade, ina Chris Bosh. Nami nikaamua kufanya jambo nililozoea mezani: kutoutazama mpira. Nilimtazama Marion. Alikuwa na miaka 33. Raundi iliyotangulia alikuwa kwenye ngozi ya Kevin Durant, Dallas wakaitoa Oklahoma City mechi nne kwa moja. Sasa kapewa LeBron. Mpira ukienda upande mwingine, yeye hageuki kuutazama. Kifua kiko mbele ya kifua cha LeBron, mkono mmoja unapapasa njia ya pasi. Mechi ya pili, Miami wanaongoza kwa pointi 15 robo ya nne, Dallas wakarudi wakashinda 95–93. Kesho yake mji mzima unazungumza kikapu cha Nowitzki cha mwisho. Marion alikuwa na pointi 20 usiku ule, na hiyo ilikuwa kazi ya ziada, si ile aliyotumwa.

LeBron alikuwa amefunga wastani wa 26.7 msimu mzima. Kwenye fainali zile alifunga 17.8. Mechi ya nne alipata pointi nane. Nane! Marion hakuwa peke yake, tusiseme uongo: DeShawn Stevenson alichukua zamu zake, Tyson Chandler alikuwa nyuma kama ukuta wa Ngome ya Yesu, na kocha Rick Carlisle alichanganya ukabaji wa eneo, ule wa kila mtu kulinda sehemu yake badala ya kumfuata mtu, hadi Miami wakavurugika. Ila dakika nyingi za LeBron zilikuwa mikononi mwa Marion. Mechi ya sita, usiku wa kuamkia Juni 13, adhana ya alfajiri ilitukuta robo ya nne haijaisha. Tukatazamana, tukaenda msikitini. Tuliporudi tukakuta Dallas wameshashinda 105–95 na mke wa jirani ameshatuandalia mbaazi na mahamri. Yeye ndiye aliyetusimulia mwisho. "Yule mrefu wa Kijerumani analia," akasema. Nikamuuliza, na yule mwenye namba sifuri? Akasema, "Yupi huyo?"

Basi hiyo ndiyo kesi ya Marion yote.

Kuingia Jumbani kuna taratibu zake. Jina hupita kamati ya mchujo kwanza, na likifika mwisho hupigiwa kura na watu 24. Ukipata 18 umeingia. Sasa fikiri watu 24 wamekaa mezani, na mmoja anaulizwa, huyu ni nani? Dennis Rodman, aliyeingia 2011: ribaundi. Ben Wallace, 2021: mkabaji bora wa ligi mara nne, ijapokuwa alifunga wastani wa pointi 5.7 tu. Michael Cooper, 2024: mkabaji wa Lakers wa miaka ya themanini, pete tano, wastani wa pointi 8.9. Bobby Jones wa Philadelphia, 2019, naye ni mkabaji. Kila mmoja unamweleza kwa neno moja na mtu anatikisa kichwa kukubali. Marion kumweleza kunataka jioni nzima na birika la kahawa. Watu wa kura hawana jioni nzima. Kufikia darasa la 2025 jina lake lilikuwa halijaitwa.

Na shemeji yako hajakosa yote. Marion hakuwahi hata mara moja kutiwa kwenye vikosi vya wakabaji bora wa msimu, jambo linalonishangaza mpaka leo, lakini ndivyo karatasi inavyosema. Vikosi bora vya ligi alitiwa mara mbili, 2005 na 2006, na mara zote kile cha tatu. Mechi za nyota nne. Pete moja. Olimpiki ya Athens 2004 alirudi na shaba, wakati Manu Ginóbili na Argentina yake waliwatoa Wamarekani kwenye nusu fainali wakaenda kuchukua dhahabu. Ginóbili akaingia Jumbani 2022, na dhahabu ile ilimsaidia si haba. Tena Marion alinung'unika. Mwaka 2007 aliomba kuhamishwa Phoenix kwa kuona hathaminiwi, na Februari 2008 wakambadilisha kwa Shaquille O'Neal. Wako wanaomshikia hilo. Mimi siwezi. Kalafati wetu hakunung'unika, na alipata nini?

Hukumu yangu: aingie. Asiingie kwa mlango wa Olajuwon, aingie kwa ule wa akina Bobby Jones, mlango wa waliofanya kazi ambayo ukiiondoa jengo linainama. Kama Jumba lina nafasi ya mtu aliyejua kitu kimoja sana, lina nafasi ya mtu ambaye miaka kumi na sita alipangiwa kazi ya adui yeyote aliyekuwa mgumu usiku ule. Na huo msemo wa mshika mawili, mwambie shemeji Marion alishika manne na namba hapo juu zinaonyesha kama kuna lililomponyoka.

Kwa hiyo shemeji atapika. Lakini achari, soda na matunda ni juu yako, kwa sababu ya hilo la Pippen. Pippen ana pete sita, mara nane alitiwa kikosi cha kwanza cha wakabaji bora, na alikuwa akitoa pasi kama mleta mpira. Ukimtetea mtu kwa kumpandisha mahali asipofika, unampa mpinzani wako ngazi. Na mualike pia mke wako aliyewasikiliza mkizozana. Naye ana haki yake.

*Salaam Mzee. Mwanangu ana miaka kumi na minne, anacheza kikapu shuleni. Kila mechi kocha anamhamisha, leo huku kesho kule. Wenzake wote wana nafasi zao wanazijua. Jana amerudi analia, asema yeye ni wa kuzibia mapengo. Niende nikaseme na mwalimu?*
*Mama wa Likoni*

Usiende, bibi, au ukienda nenda na swali, usiende na kesi. Miaka kumi na minne mtoto hajamaliza kurefuka, na kocha anayemfungia kijana nafasi moja umri huo anabahatisha. Anthony Davis alikuwa mleta mpira wakati yu mfupi, kisha akarefuka ghafla akiwa sekondari. Akawa jitu lenye mikono ya mtu mfupi, na hiyo ndiyo iliyomfikisha alipo. Swali la kumuuliza mwalimu ni hili: katika hayo yote, ni lipi anataka mtoto alijue sana mwaka huu? Aambiwe moja, alifanyie mazoezi kila siku, hayo mengine ataendelea nayo njiani. Na mnunulie daftari la kurasa arubaini. Kila mechi awe na rafiki asiyecheza, amwandikie ribaundi zake, mipira aliyopora, na nani alimkaba na huyo aliyekabwa alifunga ngapi. Mimi nimekuwa mezani miaka yote hii, najua hakuna mwingine atakayemwandikia.

Mwambie pia habari hii. Mwaka 2015, mwaka aliostaafu Marion akiwa benchi la Cleveland, mchezaji bora wa fainali aliyewashinda alikuwa Andre Iguodala wa Golden State, mtu ambaye baba yake ni Mnigeria. Msimu mzima wa kawaida hakuanza mechi hata moja. Aliingia kuziba pengo.

*Mzee, kwa nini hilo Jumba liko mji mdogo wa Springfield na si New York au Los Angeles zenye timu kubwa?*
*Mpenda Kikapu, Kisauni*

Kwa sababu mchezo ulizaliwa pale, na kwa sababu Jumba si la NBA. Ni la mpira wa kikapu wote: wanawake, vyuo, makocha, marefa, nchi nyingine. Desemba 1891, Springfield ya Massachusetts, mwalimu wa Kikanada aitwaye James Naismith alikuwa na darasa la vijana wakorofi na baridi nje, akataka mchezo wa ndani. Akamwomba mtunza jengo masanduku mawili, hakuwa nayo; akampa vikapu vya kubebea mapichi. Wakavipigilia kwenye ukingo wa roshani, kimo cha mita 3.05, na kimo hicho hakijabadilika mpaka leo, pale Makande wanapocheza KPA, timu ya mamlaka ya bandari, na kwingine kote. Kwa hiyo sisi tunaosema mpira wa kikapu tunasema kweli tupu, kilikuwa kikapu hasa, nduguye kile cha ukindu unachoendea sokoni.

Vijana kumi na wanane, tisa kwa tisa, na mechi ya kwanza iliisha 1–0. Ningekuwa mezani siku hiyo ningelala. Vikapu vilikuwa na kitako, kwa hiyo mpira ukiingia ilibidi mtu apande ngazi autoe. Siku ile alipanda mara moja.